Siriaque wa Astrida, Kawawa wa Muhogo Mchungu

Wewe uliye Magarama au Nyamugari hapa Gitega, na wewe uliye Muyinga mjini au kule Kobero mpakani, sogea karibu na redio. Leo nina habari ya watu wawili waliosimama mbele ya kamera zaidi ya miaka 70 iliyopita, mmoja upande wetu wa mpaka, mwingine upande wa Tanganyika. Mmoja tunalijua jina lake lote, siku aliyofariki na mahali alipozikwa. Mwingine ameachiwa jina moja tu.

Nianze na huyu wa jina moja.

Mwaka 1950 kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer ya Marekani, ile ambayo filamu zake hufunguliwa na simba anayenguruma, ilitoa filamu iitwayo King Solomon's Mines. Hadithi yenyewe ilikuwa imeshafika kwa wasomaji wa Kiswahili zamani, kwa sababu kitabu cha Rider Haggard kilitafsiriwa na Frederick Johnson kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, na wanafunzi wengi wa zamani wa Tanganyika na Kenya walikisoma. Wapiga picha hawakujenga Afrika ya mbao na karatasi kule Hollywood. Walikuja wenyewe. Walipita Kenya, Tanganyika, Uganda na Kongo ya Wabelgiji, wakaingia Ruanda-Urundi, iliyokuwa chini ya utawala mmoja wa Kibelgiji, Mutara Rudahigwa akiwa mwami wa Ruanda na Mwambutsa mwami wa Urundi. Huko walipiga picha Astrida, mji uliokuja kuitwa Butare na leo unaitwa Huye. Ukitoka Kayanza ukavuka mpaka, si safari ya kukuchosha.

Ndani ya hadithi hiyo yumo mtu anayeitwa Umbopa. Anajiunga na msafara wa Wazungu njiani, hajielezi sana, anabeba siri yake mwendo mzima. Mwisho ndipo tunapojua kwamba yeye ndiye mfalme halali wa nchi wanayoielekea, na kwamba Twala aliyekalia kiti amekinyang'anya. Ni nafasi nzito. Filamu ya Waingereza ya mwaka 1937, iliyotokana na kitabu hichohicho, ilimpa nafasi hiyo Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji Mmarekani mweusi aliyejulikana dunia nzima. Miaka 13 baadaye, nafasi ileile ya Robeson ilichukuliwa na mtu wa Ruanda-Urundi.

Orodha ya waigizaji inamwita Siriaque. Basi. Twala anaigizwa na Baziga. Gagool, mshauri wa kutisha wa Twala, anaigizwa na Sekaryongo. Khiva, mtumishi wa msafara, ni Kimursi, Mkipsigis kutoka Kenya. Waigizaji wakuu Wazungu, Deborah Kerr na Stewart Granger, wana majina mawili mawili, la kwao na la ukoo. Hawa wetu wana jina moja moja, na pale ambapo lingekaa jina la baba pameandikwa kabila.

Msikilizaji, sisi watu wa Burundi tunajua uzito wa kuandikiwa kabila mahali pa jina. Sina haja ya kulieleza. Lakini hata tukiliweka kando hilo, kama sifa ya kazi tu, ni dhuluma. Mtu ameigiza mfalme katika filamu iliyotunukiwa tuzo mbili za Oscar, ya upigaji picha na ya uhariri, na mjukuu wake, kama yupo, hawezi kumtafuta kwenye orodha hiyo akampata.

Na aliigiza. Nasisitiza hivyo, kwa sababu wapo wanaodhani watu wale waliwekwa tu mbele ya kamera kama milima na twiga. Umbopa hana maneno mengi. Mwigizaji asiye na maneno hufanya kazi kwa shingo, kwa mabega, kwa namna anavyosimama wenzake wanapokaa. Siriaque ni mrefu na mwembamba, na tangu anapotokea mara ya kwanza anasimama kama mtu asiyeomba nafasi. Anawafuata Wazungu lakini hatembei kama mpagazi. Tazama pia walivyoubadilisha mwisho. Katika kitabu cha Haggard, anayepigana na Twala mpaka kumwua ni Mwingereza, Sir Henry Curtis. Katika filamu ya 1950 anayepigana ni Umbopa mwenyewe, anayekirudisha kiti chake kwa mkono wake. Pambano lile la Siriaque na Baziga ndilo kilele cha hadithi, na wanaolibeba ni watu wawili wa nchi hizi, hakuna Mzungu katikati yao.

Baada ya hapo, kimya. Kampuni ilibaki na picha nyingi ilizozipiga Afrika, na mwaka 1959 ikatumia baadhi yake kutengeneza filamu nyingine, Watusi. Nchi zetu zikauzwa mara ya pili kwa mikanda ileile.

Sasa tuvuke Kobero, tupite Kabanga na Ngara, tuteremke mpaka Dar es Salaam.

Huko nako sinema ilikuwa imeanza mapema. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na jaribio lililofanywa na wamisionari na serikali za kikoloni, makao yake yakiwa Vugiri katika milima ya Usambara. Walitengeneza filamu kama 35 za kufundisha: kilimo, afya, kuweka akiba posta. Waliocheza walikuwa watu wa pale pale. Baadaye, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza wakaanzisha kitengo cha filamu za makoloni kilichoongozwa na William Sellers. Huyu Sellers aliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu iendayo haraka, kwamba lazima aonyeshwe kitu kimoja kwa muda mrefu, polepole, bila kurukaruka. Kwa miaka mingi watu wazima wenye akili timamu walitengenezewa sinema kana kwamba ni watoto wa chekechea.

Upande wa Wabelgiji hali haikuwa mbali na hiyo. Mapadri ndio walioshika kamera. Padri Albert Van Haelst kule Luluabourg alitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili, mmoja mnene na mwingine mwembamba, vikapendwa sana Kongo katika miaka ya 1950. Bukavu nako, ng'ambo ya Rusizi, palikuwa na padri mwingine wa kutengeneza filamu, Roger De Vloo. Matamata alikuwa mchekeshaji wa kweli. Hadi leo mtu akiitazama mikanda ile anacheka mahali panapotakiwa kucheka. Lakini naye, watu wanamjua kama Matamata.

Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika ikaingia mkataba na African Film Productions, kampuni ya Johannesburg, itengeneze filamu za hadithi kwa ajili ya watazamaji wa Tanganyika, kwa Kiswahili, zikichezwa na Watanganyika. Mojawapo ya filamu hizo, ya mwaka 1952, ni Muhogo Mchungu. Ni kichekesho. Mtu wa shamba anakwenda mjini Dar es Salaam, na mji unamchezea. Mwigizaji mkuu ni kijana mmoja mtumishi wa serikali aitwaye Rashidi Mfaume Kawawa.

Ndiyo, huyohuyo. Mzee Kawawa, Simba wa Vita, waziri mkuu wa Tanganyika mwaka 1962 na wa Tanzania kuanzia 1972 hadi 1977. Kabla ya siasa alikuwa mwigizaji, na aliigiza pia katika Chalo Amerudi.

Wanaotaja jambo hili hulitaja kwa sentensi moja, kama kituko cha ujana wa mheshimiwa, kisha wanakimbilia chama na uhuru. Mimi leo nataka nikae hapohapo wanapopakimbia.

Kawawa alizaliwa upande wa Songea, akasoma sekondari ya serikali ya Tabora, shule ambayo Nyerere naye alipitia. Akaajiriwa serikalini, akafanya kazi ya maendeleo ya jamii, na kazi hiyo ikamfikisha kwenye gari la sinema. Vijana wa leo hawalijui gari la sinema. Lilikuwa gari lenye jenereta, projekta, kitambaa cheupe na kipaza sauti. Lilifika kijijini mchana, watu wakaambizana, giza likiingia kitambaa kikatandazwa na filamu ikaanza. Mtumishi wa gari alieleza kwa kipaza sauti yanayoonekana, kwa lugha ya watu wale, akijibu maswali, akinyamaza pale watu wanapocheka. Mtu aliyepita katika kazi hiyo amekaa na watazamaji ana kwa ana. Anajua wanachekea nini, wanachoshwa na nini, wapi mama mmoja atamwambia mwenzake "ona!" Hapana shule ya uigizaji Tanganyika wakati ule ambayo ingemfundisha hivyo.

Sasa mfikirie akiingia upande wa pili wa kitambaa. Ni msomi wa Tabora, anaandika na kuzungumza Kiingereza vizuri, anavaa vizuri, anafahamu jiji. Anaambiwa awe mshamba anayeduwaa mbele ya taa za Dar es Salaam. Hapo ndipo mwigizaji wa kweli anapopimwa. Njia rahisi ni kumdhihaki huyo mshamba: kufungua mdomo wazi, kutembea kwa kujikwaa, kuharibu maneno. Watu wa mjini watacheka. Lakini filamu ile ilitengenezwa ili iende vijijini pia, kwa magari yaleyale ya sinema, na mbele ya kitambaa watakaa washamba wenyewe. Ukiwadhihaki, hawatakuja kesho. Lazima umcheze mtu yule ili mwenye jembe ajione bila kuona haya, acheke kwa sababu yalimkuta na yeye, au yalimkuta shemeji yake. Mwigizaji anapaswa kumpenda mhusika wake kabla ya kumchekesha.

Naamini uwezo huo wa kumvaa mtu ambaye si yeye, bila kumdharau, ndio kipaji cha Kawawa ambacho wanahistoria wamekipita. Wanaandika kwamba alikuwa kiongozi wa watumishi wa serikali, mwaka 1955 akawa katibu mkuu wa kwanza wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika, kwamba makuli na makarani walimsikiliza. Kwa nini walimsikiliza? Alikuwa karani mwenye elimu, si kuli. Lakini alikuwa ameshafanya kazi ya kumtazama mtu wa chini kwa makini, anavyosimama, anavyosema, anavyoona aibu, mpaka akaweza kuwa yeye mbele ya kamera. Sisemi sinema ndiyo iliyompa uwaziri mkuu. Nasema kazi ile haikuwa mchezo wa pembeni.

Mwaka 1953 alipelekwa Urambo, mkoani Tabora, kushughulikia Wakikuyu waliozuiliwa kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Nalitaja kwa ajili yenu mliorudi kutoka Tanzania, maana wengi wenu mlikulia Ulyankulu, na Urambo mnaijua vizuri kuliko mimi. Barabara zile alizipita yeye karibu miaka 20 kabla ya wazee wenu kufika kama wakimbizi, mwaka 1972, na walipofika, yeye ndiye aliyekuwa waziri mkuu wa nchi iliyowapokea.

Kawawa alifariki tarehe 31 Desemba 2009, akazikwa Madale, nje kidogo ya Dar es Salaam. Mazishi ya kitaifa, viongozi wote. Na hivi ndivyo Muhogo Mchungu unavyotajwa hadi leo: kwa kuwa mwigizaji wake alikuwa waziri mkuu. Lakini waliocheza pamoja naye wako wapi? Angalau kwa sura wamo katika mkanda uleule. Kama Kawawa angebaki karani, naye tungemwita "yule wa Muhogo Mchungu", hakuna zaidi.

Ndiyo sababu nimewaweka pamoja Kawawa na Siriaque. Wote wawili walifanya kazi ile, miaka miwili kati yao, mmoja kwenye kichekesho cha serikali na mwingine kwenye filamu kubwa ya Marekani. Kilichomwokoa mmoja asisahaulike si uigizaji. Ni cheo alichokipata baadaye. Uigizaji peke yake haukutosha kumpa mtu mweusi wa nchi hizi jina kamili.

Wapo watakaoniambia kwamba waigizaji wetu wote hupotelea ndani ya majina ya wahusika wao. Kweli. Ukiwauliza watu wa Muyinga kuhusu Amri Athumani, wengi watakuuliza ni nani, lakini mtaje mchekeshaji King Majuto, mtoto wa Tanga aliyefariki tarehe 8 Agosti 2018, na utaona nyuso zinavyochangamka. Kenya ilimfahamu Mzee Ojwang wa kipindi cha televisheni cha Vitimbi kwa miongo, mzee mwenye lafudhi ya Kijaluo, na alipofariki Julai 2015 kuna waliogundua siku hiyo kwamba ni Benson Wanjau, Mkikuyu. Lakini hayo ni tofauti kabisa. Wanjau alimjenga Ojwang miaka mingi mpaka Ojwang akawa mkubwa kumpita, na siku ya kumzika jina lake lilitangazwa lote. Huo ni ushindi wa mwigizaji. Siriaque hakumezwa na Umbopa. Aliandikwa nusu tangu mwanzo.

Burundi ilingoja mpaka mwaka 1992 kupata filamu yake ndefu ya kwanza. Léonce Ngabo, ambaye wengi wetu tulimjua kwanza kama mwanamuziki, aliongoza Gito l'ingrat. Gito anaigizwa na Joseph Kumbela. Ni kijana aliyesoma Paris, anarudi Bujumbura na shahada yake, na moyoni ana uhakika kwamba anangojewa awe waziri. Hakuna anayemngoja. Kazi hakuna, mchumba wa Kifaransa anakuja kumfuata, na msichana aliyempenda zamani naye yupo. Wanawake wale wawili wanapojuana, wanashirikiana kumwadhibu.

Kumbela ana kazi iliyo kinyume na ya Kawawa. Kawawa, msomi, alimcheza mtu asiyeujua mji. Kumbela anamcheza msomi aliyeisahau nchi yake. Na Gito ni mgumu zaidi kumpenda. Anajisifu, anadanganya, anavaa suti kwenye jua la mchana. Kumbela hamfichi, lakini kila Gito anapofungiwa mlango mwingine wa ofisi, huwezi kumchukia. Waliowahi kubeba shahada kutoka ofisi moja hadi nyingine hapa Gitega wanaelewa ninachosema. Jina lake limeandikwa lote kwenye filamu, na la Ngabo pia. Oktoba 1993 vita vikaingia, na sinema ikasimama kabla haijazoea kutembea.

Kilichoendelea ni sauti. Mwaka 1997, katikati ya vita, Studio Ijambo ilianza kurusha mchezo wa redio wa Umubanyi Niwe Umuryango, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri, hadithi ya familia mbili majirani, moja ya Kihutu na moja ya Kitutsi. Mchezo ule ulisikilizwa vilimani kote. Waigizaji wake hawakuwa na uso. Wakati ambapo mtu aliogopa kujibu hodi ya jirani, wao waliketi mbele ya kipaza sauti kimoja, wakagombana, wakapatana, wakazikana, na sisi tukawajua kwa kikohozi chao, kwa namna wanavyoshusha pumzi. Kwangu mimi hao ndio waigizaji wakubwa kabisa ambao Burundi imewahi kuwa nao, na sisemi hivyo kwa sababu mimi ni mtu wa redio.

Basi kazi ninayoiomba ni hii. Hapa Gitega tuna Makumbusho ya Taifa tangu mwaka 1955. Yamehifadhi ngoma, mikuki, vitu vya baraza la mwami, na ni sawa. Yanaweza pia kuhifadhi daftari la waigizaji: waliocheza kwenye majukwaa ya shule za misheni, waliocheza kwenye vikundi vya tamthilia vya redio na televisheni ya taifa, waliokuwa kwenye Gito hata kwa dakika moja, waliokuwa sauti kwenye Umubanyi. Jina, jina la baba, kilima, komine, nafasi aliyoicheza, mwaka. Mistari sita kwa kila mtu. Waliokuwa vijana mwaka 1997 leo wana nywele nyeupe. Bado wanaweza kuulizwa wenyewe.

Na kama huko Muyinga yupo mzee ambaye familia yake inasema babu alichukuliwa na Wazungu wa kamera akapelekwa Astrida mwaka 1949, msimcheke. Chukueni kalamu mwandike anavyosema, na muulize babu alikuwa nani kabla ya kuitwa jina moja.